Pigo Lililochelewa

Fundi Bunu alipobomoa ukuta wa choo cha juu
katika nyumba ya Mkomani aliyoinunua mgeni,
alikuta sanduku la majani ya chai limezibwa kwa lami,
na ndani yake sahani za santuri, thelathini na moja,
kila moja imevikwa gazeti la lugha asiyoijua.
Aliniletea mimi kwa kuwa natengeneza redio.
"Zinazocheza tugawane. Mbovu ni zako zote."

Siku tatu nilisaka kinanda cha kutia ufunguo.
Nilikipata Langoni kwa muuza mafuta ya taa,
juu yake amelala paka na birika mbili za kuuzwa.
Sindano sikupata.
Nikachonga mwiba wa mgunga.

Ya kwanza ilikuwa mvua. Nilidhani ni mvua.
Dakika nzima mvua tupu, kisha ndani ya mvua
mtu akapuliza kitu chenye koo la mbuzi
na mvua ikasogea kando kumpisha.
Karatasi ya katikati ilikuwa imeliwa na mende;
zilisalia herufi tatu, ANI, na picha ya nusu jogoo.

Ya pili, shaba zinagongwa polepole
kama watu wanaoteremsha vyungu darini kwa zamu,
hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuvunja.
Ya tatu, wanaume wengi, sauti moja,
na nyuma yao mlima.
Sijapata kuuona mlima. Hapa tuna matuta ya Shela.
Lakini sauti iligonga kitu kikubwa, ikarudi.

Ya tano mwanamke peke yake, hana ngoma, hana zumari,
anaimba kama asukaye ukili asioujua mwisho.
Kabla hajaanza, alikohoa.
Wimbo sikuuelewa hata neno. Kikohozi nilikielewa.
Nikauinua mwiba, nikaurudisha kwenye kikohozi,
mara kumi na moja,
hadi mke wangu akauliza kutoka jikoni
nani mgonjwa.

Nani aliyezizika? Karani wa forodha?
Kijana aliyemcha baba, akaona afadhali ukuta
kuliko moto? Nyundo ya Bunu haikuuliza.

Ya ishirini na sita iliandikwa kwa wino: Maskati.
Nikatia ufunguo. Si Maskati.
Pembe za nyati, vijiti, wanawake: vugo,
vugo la harusi ya mji huuhuu,
na nywele za mkono wangu zilijua kabla yangu.

Ng'ambo ya kichochoro, dirishani,
Bi Somoe aliacha kuchambua mchele.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Wamsikia yule wa mwisho? Yuwachelewa."
Kweli. Pembe tatu zinatua pamoja,
ya nne inafuata nyuma
kama mtu aliyerudi harusini kufuata kiatu.
"Huyo ni Mwanatumu wa Famau.
Kidole gumba alikikata kwenye mbuzi ya nazi, utotoni.
Hakuwahi kufika na wenzake.
Na leso yangu, ile ya maua ya mkadi, aliyoazima siku hiyo,
haiyarudi hata leo."

Nilingoja alie. Hakulia.
Alisema mchele wa siku hizi ni mawe matupu,
akauinamia ungo.
Lakini vidole vyake viligonga ukingo:
moja, moja, moja,
halafu, nyuma kidogo,
moja.

Jioni Bunu alikuja, saruji bado nyusini.
"Zinacheza?"
"Thelathini zinacheza," nikamwambia.
"Moja ina kasoro. Inachelewa."
Akatazama rundo, akapangusa pua.
"Basi hiyo mbovu," akasema, "chukua wewe."